Figo ni nephro au renal? Jibu kwa mwanafunzi wa utabibu anayekesha akikariri maneno ya Kigiriki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza diploma ya utabibu, somo la istilahi za kitabibu linanimaliza. Tumepewa karatasi ndefu ya maneno tukariri, hepato, nephro, cysto, chole na mengine kibao, nikikariri usiku asubuhi yameshapotea. Alafu kinachonichanganya zaidi, figo mara wanaita nephro mara renal, mapafu mara pneumo mara pulmonary. Kuna namna ya kuelewa au ni kumeza tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Namna ya kuelewa ipo, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu hili somo nalifundisha na kila mwaka naona vijana wenye akili nzuri kabisa wanaanguka kwa kumeza orodha, wakati yale maneno yanajieleza yenyewe ukishajua yamejengwaje. Hiyo karatasi yako ndefu kiukweli ni vipande vichache tu vinavyojirudia, leo kipande kiko mbele, kesho kiko katikati, keshokutwa kimebadilishiwa mkia, basi mtu anaona ni maneno mapya.

Tuanze na figo maana ukilielewa hilo mengine yanafunguka. Wagiriki wa kale figo waliita nephros, Warumi waliokuwa wanaongea Kilatini waliita ren. Udaktari wa Ulaya ulirithi lugha zote mbili kwa pamoja na hakuna aliyekaa akaamua moja itupwe, lakini ukiangalia vizuri utaona zimegawana kazi. Kilatini kimeshika zaidi majina ya sehemu zenyewe za mwili, yale ya kuonyesha kitu kiko wapi au ni cha wapi, ndo maana mshipa unaopeleka damu kwenye figo ni renal artery. Kigiriki kimeshika magonjwa, upasuaji na fani: nephritis ni figo kuvimba, nephrectomy ni kuitoa figo, nephrology ni elimu ya figo. Mapafu hivyo hivyo, mshipa ni pulmonary kutoka pulmo ya Kilatini, ugonjwa ni pneumonia kutoka pneumon ya Kigiriki. Sio sheria ya chuma, utakutana na renal failure ambayo ni ugonjwa na imebeba Kilatini, ila kwa sehemu kubwa mgawanyo huo unashika.

Na kuna sehemu moja ambapo hizo lugha mbili zimegongana uso kwa uso na utaiona kila siku wodini. Kwenye trei ya dharura kuna kichupa kimeandikwa adrenaline, ukifungua kitabu cha Marekani wanasema mpe mgonjwa epinephrine, mwanafunzi anadhani ni dawa mbili. Ni dawa moja. Homoni hiyo inatoka kwenye tezi iliyokaa juu ya figo. Adrenaline ni Kilatini, ad maana yake kuelekea au karibu na, ren ni figo. Epinephrine ni Kigiriki, epi ni juu ya, nephros ni figo. Mwaka 1897 John Jacob Abel kule Marekani alitumia jina la Kigiriki, mwaka 1901 Mjapani Jokichi Takamine akaipata ikiwa safi na jina aliloipa likawa la Kilatini, Waingereza wakabaki na moja na Wamarekani wakabaki na lingine hadi leo. Sisi tunasoma vitabu vya pande zote mbili, hivyo inabidi uyajue yote. Mfano mwingine ni sindano: subcutaneous na hypodermic zote zinasema chini ya ngozi, sub na cutis ni Kilatini, hypo na derma ni Kigiriki.

Sasa utajiuliza kwanini Wagiriki wamejaa namna hii. Ni kwa sababu walioandika mapema na maandishi yao yakadumu ni hao. Hippocrates, tabibu wa kisiwa cha Kos huko Ugiriki, karne ya 5 kabla ya Kristo, na wafuasi wake waliandika kwa Kigiriki. Karne ya 3 kabla ya Kristo Herophilos akawa anapasua maiti za binadamu pale Alexandria, Misri, yani Afrika hii hii, na sehemu nyingi za mwili zilipata majina kutokana na kazi kama yake. Baadae Galen, tabibu mzaliwa wa mji wa Pergamon, alifanya kazi Roma kabisa lakini aliendelea kuandika Kigiriki maana ndo ilikuwa lugha ya waganga wasomi. Vitabu vyake vikatafsiriwa kwa Kiarabu Baghdad karne ya 9, mtafsiri mkubwa akiwa Hunayn ibn Ishaq, kisha Ulaya ikavipokea tena kwa Kilatini kupitia Waarabu.

Njia hiyo ya kupitia kwa Waarabu inatugusa sisi moja kwa moja. Neno balghamu ambalo bibi yako analitumia, lile la makohozi mazito, Kiswahili kimelichukua kwa Waarabu, balgham, na Waarabu walilichukua kwa Wagiriki, phlegma. Waingereza nao wana phlegm kutoka hapo hapo. Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni duodenum, kile kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Herophilos alikiita dodekadaktylon, vidole 12, kwa sababu urefu wake unakaribia upana wa vidole 12 ukivipanga kando kando, na ukipima kwa rula ya leo ni kama sentimita 25 hivi kwa hiyo hakuwa mbali. Kilatini kikatafsiri kumi na mbili kikapata duodenum, Kiarabu kikatafsiri nacho kikapata ithnaashari. Ndio, ni neno lile lile tunalolisikia Dar, Zanzibar na Mombasa kwa ndugu zetu Ithnaasheri wanaofuata maimamu 12. Ukishalijua hilo sidhani kama duodenum itakupotea tena.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Neno la kitabibu lisome kuanzia mkiani, usianze mbele. Mkia ndo unakuambia kimetokea nini, mwili wa neno unakuambia kimetokea wapi. Mkia unaoongoza kwa kuonekana ni -itis, kuvimba kule kwenye wekundu, joto na maumivu. Hepar, ambayo ikiunganishwa inakuwa hepat-, ni ini, kwa hiyo hepatitis. Arthron ni kiungo, arthritis. Gaster ni tumbo, gastritis. Derma ni ngozi, dermatitis. Mkia huu umezoeleka mpaka umebandikwa kwenye maneno ya Kilatini pia, ndo maana tuna appendicitis ya kidole tumbo na tonsillitis ya mafindofindo, na hapo usihangaike kutafuta Kigiriki mbele, hakipo. Kisha kuna -algia, maumivu, na -megaly, kukua kupita kiasi. Mkia -emia ni haima, damu, umefupishwa: anaemia ni bila damu kwa maana ya neno, na hyperglycaemia na hypoglycaemia ni sukari nyingi na sukari kidogo kwenye damu, hyper ni juu hypo ni chini, hizo mbili ukizichanganya kwenye faili la mgonjwa wa kisukari unaweza kumuua, kwa hiyo zirudie mpaka ziwe damuni mwako.

Mikia ya upasuaji nataka tuikalie kidogo kwa sababu hapa ndo wengi wanaangukia. Tome ni kukata. Stoma ni mdomo. Ek ni kutoka nje. Sasa chukua tumbo, gaster. Gastrotomy ni kulikata tumbo ili uingie ndani, mfano mtoto amemeza kitu kimekwama, unakata, unatoa kitu, unashona. Gastrectomy ina ek ndani yake, umekata na kutoa nje, lote au sehemu. Gastrostomy umetengeneza mdomo, tundu linalobaki wazi, mgonjwa asiyeweza kumeza anapitishiwa chakula kwa mrija hapo. Maneno matatu yanafanana kiasi kwamba ukiandika haraka yanaonekana moja, na kwa mgonjwa ni mambo matatu tofauti kabisa. Colostomy nayo usiikariri, ni colon, utumbo mpana, iliyotengenezewa mdomo kwenye ngozi ya tumbo.

Ukishazijua hizo, lile dubwana cholecystectomy halina kitisho. Anza nyuma: ectomy, kukata na kutoa. Kabla yake cyst, kystis, kifuko au kibofu. Mbele kabisa chole, nyongo. Kutoa kifuko cha nyongo. Ukishaona chole unapata na cholesterol bure, maana wanakemia waliikuta kwanza kwenye vijiwe vya nyongo, stereos maana yake kitu kigumu, kwa hiyo ni nyongo ngumu. Na cystitis ikisimama peke yake ni kibofu cha mkojo kuvimba.

Mfano mwingine wa wodini, hepatosplenomegaly. Mkia ni megaly, kukua, kabla yake splen ni bandama, mbele hepat ni ini. Ini na bandama zote zimekua. Ukija kanda ya ziwa utalikuta hili kwa mikono yako, mtoto au mvuvi kalala kitandani, unaweka kiganja chini kulia ya tumbo unapanda taratibu huku anavuta pumzi, unasikia ukingo wa ini umeshuka chini ya mbavu, unahamia upande wa kushoto bandama nayo inakugonga vidole. Hapo kichwani kwako ziwe zinapita malaria za kurudia rudia, kichocho cha tumbo na mengine utakayofundishwa. Ile sehemu uliyoishika chini ya mbavu inaitwa hypochondrium, hypo ni chini, chondros ni gegedu, yani chini ya gegedu za mbavu. Neno limekuelekeza mkono uweke wapi.

Kichocho chenyewe kimebeba Kigiriki jina zima. Schistosoma: schistos ni iliyopasuka, soma ni mwili. Mdudu dume ana mfereji kama amepasuliwa kwa urefu, na jike anakaa humo ndani. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona mwaka 1851 Cairo. Aina ya kichocho cha mkojo, kilichosumbua sana Unguja na Pemba, ni haematobium, haima ni damu na bios ni uhai, maana anaishi ndani ya damu, kwenye mishipa inayozunguka kibofu. Soma hiyo hiyo iko kwenye chromosome na kwenye Trypanosoma wa malale, ambapo trypanon ni keekee ya kutobolea. Na anayemsambaza huyo, mbung'o, kisayansi ni Glossina, kutoka glossa, ulimi, kwa ajili ya ule mrija mrefu uliotokeza mbele. Ulimi ukivimba ni glossitis, utaiona kwa wenye upungufu wa damu na vitamini. Kwahiyo mbung'o na ulimi uliovimba zimeshika mzizi mmoja, ukimkumbuka mmoja umemkumbuka mwenzake.

Wanyama wanasaidia sana kwenye hili somo na nashangaa vitabu vingi haviwatumii. Kifaru ni rhinoceros, rhinos ni pua na keras ni pembe, pua ile ile iko kwenye rhinitis, mafua. Pweza ni octopus, miguu minane, pous au podos ni mguu, utaiona kwenye podiatry. Konokono ni gastropod, tumbo na mguu, maana anatembelea tumbo. Popo wamo kwenye kundi la Chiroptera, cheir ni mkono, pteron ni bawa, na ukimchunguza popo kweli bawa lake ni vidole virefu vimefunikwa ngozi. Cheir hiyo ndo imezaa neno surgery, limepita Kifaransa likachakaa njiani, asili yake ni cheirourgia, kazi ya mkono. Na daktylos, kidole, iko kwenye polydactyly, mtoto kuzaliwa na vidole zaidi, na Waingereza wakiita tende date wanalitumia neno hilo hilo bila kujua.

Sasa mitego, maana ipo na mitihani inaipenda. Mys, myos ni msuli, myelos ni uboho au uti wa mgongo. Myalgia ni misuli kuuma, osteomyelitis ni mfupa na uboho wake kuvimba, poliomyelitis ni sehemu ya kijivu ya uti wa mgongo kuvimba, polios ni kijivu, na kweli kirusi kinashambulia hapo ndo maana miguu inapooza wakati msuli wenyewe haukuwa na tatizo. Mtego wa pili, kystis ni kifuko na kytos ni chombo, leo wanaitumia kwa seli, cystitis na cytology hazina undugu. Wa tatu, ped ya Kigiriki ni mtoto, pediatrics, ped ya Kilatini ni mguu, hapo uangalie neno lote kabla hujajibu. Wa nne, coronary, mishipa inayoulisha moyo wenyewe damu, wengi wanaitoa kwenye cor ambayo ni moyo kwa Kilatini, wakati imetoka corona, taji, kwa sababu mishipa ile imeuzunguka moyo juu. Moyo wa Kigiriki ni kardia na huo haudanganyi, tachycardia unakimbia, bradycardia unakwenda polepole, pericardium ni utando unaouzunguka.

Kuna pia majina yaliyobeba mawazo ya zamani ambayo yameshakataliwa, na ukijua hilo hutahangaika kwanini neno halikai sawa. Hystera ni mfuko wa uzazi, hysterectomy ni kuutoa, hapo hakuna shida, ila hysteria ilipewa jina hilo kwa sababu watu wa kale waliamini mwanamke akichanganyikiwa tatizo limeanzia kwenye kizazi, jambo ambalo ni uongo na limewaumiza wanawake wengi kwa karne nyingi. Ateri nayo, mishipa inayotoa damu moyoni, wazee wa zamani walizikuta tupu kwenye maiti wakadhani zinapitisha hewa, Galen akaja kuonyesha zina damu. Neuron kwao mwanzo ilikuwa kano, baadae ndo ikawa mshipa wa fahamu.

Kuhusu tahajia, usijilaumu. Ukiona ph, rh, ch inayotamkwa k, pn au ps mwanzoni mwa neno, na y katikati, ujue uko Ugirikini. Ophthalmology inawatesa wote, ophthalmos ni jicho, ina ph na th zimefuatana, iandike kwa mkono mara kadhaa mkono utazoea wenyewe. Haem na hem ni kitu kimoja, oedema na edema, uvimbe wa maji mwilini, kitu kimoja, ya kwanza ya Uingereza ya pili ya Marekani, chagua moja kwenye karatasi ya mtihani ubaki nayo. Na ushauri wangu wa matamshi, mzizi wa Kigiriki usome kama unavyosoma Kiswahili, kardia, nefros, hepar, derma, vokali zake ziko wazi kama zetu, ukishauzoea hivyo ndo ujifunze Waingereza wanavyoukunja.

Nakuomba pia usidhani kila neno la kitabibu lina Mgiriki nyuma yake. Chikungunya ni neno la Kimakonde, ugonjwa ulielezwa kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa Makonde kusini kwetu, na linasema kuhusu mtu kujikunja kwa maumivu ya viungo. Kwashiorkor, utapiamlo wa watoto, ni ya Waga wa Ghana, O'nyong-nyong, homa ya mbu yenye maumivu ya viungo, ni ya Waacholi wa Uganda. Wenyeji waliougua walishaupa ugonjwa jina na sayansi ikalikubali, na mimi huwa nayataja darasani kwa fahari kabisa.

Kwa wiki hii fanya hivi. Karatasi yako ikate vipande kwa mfumo wa mwili, usiende kwa alfabeti. Anza na tumbo: stoma, glossa, gaster, enteron ambayo ni utumbo na ndo iko ndani ya dysentery, hepar, chole, splen. Kila mzizi uandikie sehemu yake kwa Kiswahili, na pembeni jina la Kilatini kama lipo. Alafu chukua mikia kama kumi uliyoiona hapa ubandike kila mzizi uone neno gani lina maana na lipi halina. Ukiingia wodini soma mafaili, kila utambuzi wa ugonjwa ulioandikwa hapo uuvunje kwenye daftari kabla ya kumuuliza mtu. Nakuachia manne uyavunje mwenyewe kuanzia mkiani, yote vipande vyake nimevitaja humu isipokuwa kimoja: pericarditis, splenectomy, hepatocyte, gastroenteritis. Na la tano lina hydro mbele, maji, na kephale ambayo ni kichwa, hydrocephalus, wale watoto tunaosema wana vichwa vikubwa, hilo nimekuvunjia mimi ili uanze na nguvu. Niandikie majibu yako nitayasahihisha.